Tuondoe Muhali Tunapochagua Fundi

Ukipita Mlandege asubuhi, utaona milango ya maduka inafunguliwa. Huku wanauza nguo na vitambaa, kule viatu, mbele kidogo simu na taa. Soko la Darajani liko karibu. Soko hilo lilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo watu wa mjini na wa shamba hukutana hapo kuuza na kununua.

Watu wengi hudhani kwamba biashara ni mambo mawili tu, yaani kununua na kuuza. Mimi naona liko jambo la tatu. Jambo hilo huua biashara nyingi ndogo polepole, bila ya kelele. Nalo ni namna tunavyowachagua watu wa kutufanyia kazi.

Mwenye duka hawezi kufanya kila kazi kwa mikono yake. Anamhitaji fundi umeme. Anamhitaji seremala wa kumtengenezea rafu na meza. Anamhitaji mwenye gari wa kumbebea mizigo. Mama anayeuza barafu anamhitaji fundi wa friji. Mshonaji anamhitaji mtu wa kumtengenezea cherehani yake. Watu hawa wote tunawapa fedha zetu. Tena tunawapa vitu vikubwa kuliko fedha. Tunawapa funguo, tunawapa mali, na tunawapa jina letu mbele ya wateja.

Je, tunawachagua vipi? Mara nyingi tunafuata moja katika njia tatu. Ya kwanza, fundi ni ndugu yetu. Ya pili, bei yake ni ndogo. Ya tatu, yuko karibu nasi tuna haraka. Sisemi kwamba njia hizi ni mbaya. Nasema kwamba hakuna hata moja inayotosha.

MUHALI NYUMBANI NA MUHALI DUKANI

Sisi watu wa Unguja twalijua vizuri neno muhali. Kuoneana muhali ni kumstahi mwenzio, usimkatalie wala usimtie haya. Nyumbani na mtaani, muhali ni jambo jema. Huwafanya majirani waishi kwa wema.

Lakini dukani muhali huleta hasara. Tazama mfano huu. Mtoto wa shangazi yako amejifunza umeme kidogo. Unampa kazi ya kutia taa dukani. Kazi inakuwa mbaya. Taa zinawaka na kuzimika, na waya unapata moto. Unaona muhali kumwambia. Unamlipa fedha zote, unamshukuru, anakwenda zake. Kesho yake unamwita fundi mwingine kwa siri.

Hapo umelipa mara mbili. Lakini hasara kubwa zaidi ni ya huyo ndugu yako. Yeye hakuambiwa kosa lake. Ataondoka akidhani anajua kazi. Atakwenda kufanya vile vile katika duka la mtu mwingine, na huko huenda moto ukawaka. Basi muhali wako haukumsaidia yeye, wala haukukusaidia wewe.

Wako watakaosema: "Nisipompa kazi ndugu yangu, nani atampa?" Neno hili lina haki ndani yake. Nami sisemi tuwafukuze ndugu zetu. Nasema tuwape kazi kwa masharti yale yale tunayompa mgeni. Kama ndugu yako bado anajifunza, mtafute fundi mkubwa, umwombe amchukue kijana wako awe msaidizi katika kazi hiyo. Ndivyo ufundi ulivyosomwa hapa kwetu tangu zamani. Mwanafunzi hukaa na fundi wake, akatazama, akasaidia, akakosolewa, mwisho akajua. Kwa njia hiyo duka lako litapata kazi nzuri, na ndugu yako atapata elimu.

UWEZO NA UAMINIFU HAVIACHANI

Katika Surat Al-Qasas kuna kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan. Aliwakuta wanawake wawili wamezuia wanyama wao, hawawezi kuwanywesha kwa sababu ya wachungaji waliokuwapo. Akawanyweshea. Baadaye mmoja wa wale wanawake alimshauri baba yake amwajiri Musa. Alitaja sifa mbili za mtu anayefaa kuajiriwa: awe na nguvu za kazi, na awe mwaminifu.

Hata asiyekuwa Mwislamu anaweza kupata funzo hapo. Yule mwanamke hakutaja sifa moja, alitaja mbili. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameshuhudia kazi ya Musa pale kisimani.

Mtu mwaminifu asiyejua kazi anaweza kukuunguzia duka, na nia yake ni njema. Mtu anayejua kazi asiye mwaminifu anaweza kukutolea kifaa kipya akakutilia cha zamani, nawe usijue. Sifa moja peke yake ni kama mtumbwi wenye mrengu upande mmoja tu. Ukipigwa na wimbi hulala.

NAMNA YA KUPIMA UWEZO

Kwanza, tazama kazi yake ya zamani. Usitosheke na kazi aliyoimaliza jana, maana kazi ya jana bado inang'ara. Muulize mtu aliyefanyiwa kazi mwaka jana. Je, rafu bado zimesimama? Je, friji bado inagandisha? Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Fundi anayejisifu sana mwenyewe, mwulize wateja wake wako wapi.

Pili, muulize amejifunza wapi. Hapa Zanzibar iko Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Ina vituo vya kufundisha ufundi, kama kile cha Mwanakwerekwe na kile cha Mkokotoni hapa Unguja, na kile cha Vitongoji kisiwani Pemba. Wako pia waliosoma katika taasisi ya Karume iliyoko Mbweni. Cheti ni jambo zuri. Lakini wako mafundi hodari wasio na cheti, waliojifunza kwa wazee wao kwa miaka mingi. Mwenye cheti na asiye na cheti, wote wakuonyeshe kazi.

Tatu, mwambie akueleze. Fundi anayejua anaweza kukwambia kwa maneno mepesi kitu gani kimeharibika, na kwa nini. Tuchukue friji. Friji isipogandisha, fundi mjuzi huuliza kwanza: tatizo limeanza lini? Halafu hutazama mpira wa mlango kama unabana. Hutazama mabomba ya nyuma kama yamejaa vumbi. Hutazama umeme kama unafika sawasawa. Fundi asiyejua huingia mlangoni akisema, "Gesi imekwisha."

Ndugu msomaji, jambo hili ulijue. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa yanavyoisha katika jiko. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, maana yake bomba linavuja mahali fulani. Basi fundi anayekuja kila baada ya miezi michache kutia gesi, bila ya kutafuta panapovuja, hatengenezi friji yako. Anachukua fedha zako kidogo kidogo.

Nne, anza na kazi ndogo. Seremala usiyemjua usimpe rafu za duka zima. Mpe atengeneze kibao kimoja au stuli. Tazama kipimo chake, tazama misumari yake, tazama kama amekuja siku aliyosema. Kazi ndogo ni mtihani wa kazi kubwa.

NAMNA YA KUPIMA UAMINIFU

Uaminifu hauonekani usoni. Huonekana katika matendo. Fundi mwaminifu ana dalili zake.

Hutaja bei kabla ya kuanza kazi, tena hukwambia ujira wake ni kiasi gani na vifaa ni kiasi gani. Akibadilisha kifaa, hukuonyesha kile cha zamani. Akinunua kifaa kwa fedha zako, hukuletea stakabadhi ya duka. Akichelewa, hukupa habari mapema. Na dalili kubwa kuliko zote ni hii: kazi asiyoiweza husema, "Hii siiwezi, mtafute fulani." Fundi wa namna hiyo mshike sana.

Ziko pia dalili mbaya. Jihadhari na mtu anayetaka fedha zote kabla hajagusa kazi. Kutoa arbuni ni desturi, lakini arbuni si malipo yote. Jihadhari na mtu anayekasirika ukimuuliza. Jihadhari na mtu anayekuharakisha ukubali sasa hivi. Na yeyote anayetaka umpe nambari yako ya siri ya simu ili akusaidie kutuma au kupokea fedha, usimpe. Nambari hiyo ni ufunguo wa sanduku lako. Wakala wa kweli haihitaji.

Tena hata ukimpata fundi mzuri, usiache kukagua kazi yake. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kukagua si kumtukana mtu. Ni kumsaidia abaki katika uzuri wake.

RAHISI INAPOKUWA GHALI

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu na karatasi.

Mama mmoja ana cherehani. Ni kumi la mwisho la Ramadhani. Watu wamenunua vitambaa Mlandege, wote wanataka nguo kabla ya Sikukuu. Tuseme cherehani humpa mama huyu faida ya shilingi 15,000 kwa siku. Cherehani imeharibika. Fundi wa kwanza anataka shilingi 10,000. Fundi wa pili anataka shilingi 25,000, na anaahidi kurudi bila malipo ikiharibika tena. Mama anamchukua wa kwanza.

Baada ya siku tatu cherehani inasimama tena. Yule fundi haonekani. Mama anakaa siku mbili bila ya kazi. Kisha anamwita fundi wa pili. Hasara yake ni hii:

Fundi wa kwanza: shilingi 10,000
Siku mbili bila kazi: shilingi 30,000
Fundi wa pili: shilingi 25,000
Jumla: shilingi 65,000

Kama angemwita fundi wa pili tangu mwanzo, angelipa shilingi 25,000 tu. Amepoteza shilingi 40,000 kwa kutaka kuokoa 15,000. Tena hatujahesabu wateja waliochukua vitambaa vyao wakaenda kwa mshonaji mwingine. Hao huenda wasirudi mwaka ujao.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba kila fundi wa bei kubwa ni hodari. La. Bei kubwa haifundishi mtu kazi. Waulize mafundi wawili au watatu bei zao. Usichague bei ndogo kwa sababu ni ndogo, wala kubwa kwa sababu ni kubwa. Uliza: kwa fedha hizi nitapata nini, na itadumu muda gani?

SIKU YA DHARURA SI SIKU YA KUCHAGUA

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika, kisiwa kizima kikakaa gizani kwa karibu mwezi mmoja. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka mwezi wa Machi 2010. Baadaye, mwaka 2013, waya mpya wenye nguvu zaidi ulianza kazi.

Katika siku hizo za giza, wenye biashara walitaka jenereta. Wote walizitaka kwa wakati mmoja, na wote walitaka mafundi kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo mwenye duka hachagui fundi. Fundi ndiye anayemchagua mwenye duka. Anayekuja unamkubali, na bei anayosema unailipa.

Tena kazi ya jenereta ni kazi ya hatari. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Ikiwashwa ndani ya duka au ukumbini, watu huweza kufa wakiwa wamelala. Kadhalika, jenereta ikiunganishwa na waya za nyumba bila ya swichi ya kuitenga na umeme wa Shirika, umeme wake huweza kurudi mpaka kwenye nguzo. Hapo humwua fundi wa Shirika anayetengeneza waya akidhani hauna umeme. Fundi asiyejua mambo haya mawili asiguse jenereta yako.

Kwa hiyo, tafuta fundi wakati mambo ni shwari. Andika katika daftari jina na simu ya fundi umeme, fundi friji, seremala, na mwenye gari. Kwa kazi ya umeme, nenda ukaulize pia Shirika la Umeme kabla hujaanza. Siku ya dharura ikifika utafungua daftari tu.

TUMIA KALAMU YAKO

Sasa nafika kwenye neno ninaloliona kubwa kuliko yote. Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu hapo watu wazima wengi wamekaa darasani, wengine wakiwa na wajukuu. Elimu hiyo haikukusudiwa kusoma vitabu tu. Ilikusudiwa itulinde katika maisha yetu.

Basi makubaliano na fundi yaandikwe. Hapa ndipo muhali unapotushika zaidi. Tunaogopa fundi atasema, "Huniamini?" Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu jambo hili hili. Inawaagiza waumini waandike deni la muda maalumu, na waweke mashahidi. Kama kuandikiana kungekuwa ni kuvunjiana heshima, tusingeagizwa. Kuandika hulinda urafiki, kwa sababu hakuna atakayebishana juu ya kilichosemwa. Nao wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Karatasi yenyewe si lazima iwe ndefu. Tazama mfano:

MAKUBALIANO YA KAZI
Tarehe: ..............
Mwenye duka: ..............
Fundi: ..............
Kazi: kutia taa 4 na soketi 2 dukani.
Vifaa: atanunua mwenye duka.
Ujira: shilingi 80,000.
Arbuni iliyolipwa leo: shilingi 20,000.
Zilizobaki: shilingi 60,000. Zitalipwa kazi ikimalizika na kukaguliwa.
Kazi itamalizika tarehe: ..............
Kazi ikiharibika ndani ya miezi 3 kwa kosa la fundi, atarudi kuitengeneza bila malipo.
Sahihi ya mwenye duka: ..............
Sahihi ya fundi: ..............
Sahihi ya shahidi: ..............

Andikeni karatasi mbili. Moja yako, moja ya fundi. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma, au yenye nafasi wazi panapotakiwa kuandikwa fedha.

Kukitokea ugomvi, kwanza zungumza na fundi peke yenu, kwa upole. Asiposikia, mwite shahidi. Ikishindikana, nendeni kwa sheha na karatasi yenu mkononi. Sheha hawezi kuamua vizuri maneno matupu, lakini karatasi ataisoma.

HAKI INA PANDE MBILI

Sipendi niwaseme mafundi peke yao. Wako wenye maduka wanaowadhulumu mafundi. Fundi anamaliza kazi, anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa njoo Jumamosi. Mwisho anachoka. Mwenye duka wa namna hiyo asistaajabu akikosa fundi mzuri. Mafundi nao huulizana habari zetu, kama sisi tunavyoulizana habari zao. Kazi ikiwa nzuri, lipa siku ile ile, na mpe fundi sifa yake mbele ya watu.

Biashara ndogo ni chakula cha watoto wetu, ada yao ya skuli na dawa yao. Si haki kuipoteza kwa sababu ya kuona haya kuuliza swali. Muhali tuuweke barazani, tunapokunywa kahawa na jirani zetu. Tukiingia dukani, tushike daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Je, umewahi kumpa mtu kazi kwa sababu ya muhali? Kazi ilikuwaje?
2. Kwa nini fundi anayetia gesi ya friji kila mara hatengenezi friji?
3. Katika hesabu ya mama mwenye cherehani, ingekuwaje kama angekaa siku nne bila ya kazi? Piga hesabu.
4. Andika makubaliano yako na seremala atakayekutengenezea rafu. Msomee mwenzako.